Kabla Hujampandisha Fundi Kwenye Paa la Asbesto

Kama jengo lako liliezekwa miaka ya sabini au themanini, na paa ni la kijivu, zito, lina mawimbi kama mabati ila ukiligonga halilii kama bati, lihesabu kuwa ni asbesto, yaani saruji yenye nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, mpaka maabara ikuambie vingine. Nimesimamia ubomoaji wa mapaa hayo Pwani ya Kenya kwa miaka mingi, na haya ndiyo ninayomwambia kila mwajiri kabla sijapokea senti yake.

Anza na vibali. Nenda NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, nenda kwa wakaguzi wa usalama na afya kazini, ndipo uite mafundi. Asbesto imo kwenye orodha ya taka hatari ya kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006, na hata lori la kuibeba linatakiwa liwe na leseni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haibagui kibarua wa kutwa na mwajiriwa wa kudumu. Ukisema "huyu alikuwa wa siku mbili tu", hujajitetea.

Hamisha watu wote. Toa vyombo, funga madirisha, funika kisima na tangi la maji. Zungushia utepe na uweke mlinzi, maana watoto hupenda kutazama.

Barakoa za kitambaa na zile za hospitali zitupe mbali. Unyuzi wa asbesto ni mwembamba mno, jicho haliuoni, na hupita hapo kama upepo kwenye wavu. Nunua barakoa yenye chujio la P3, daraja la juu la kuzuia vumbi laini, inayoshika uso barabara. Kwenye ndevu haishiki, hewa huingia pembeni. Fundi asiyetaka kunyoa usimlazimishe, mtafutie kazi nyingine mbali na paa.

Juu ya paa kuna hatari mbili, na ya haraka zaidi ni kuanguka. Asbesto ya miaka arobaini haimbebi mtu. Hukatika ghafla bila hata kulia. Weka mbao za kukanyagia, funga mikanda. Lowesha paa kwa maji yenye sabuni kidogo, ukitumia bomba la mgongoni lile la kupulizia dawa shambani, tena kwa msukumo mdogo. Fungua bolti au zikate, kisha mshushe kila kipande kwa mkono kikiwa kizima. Mtu yeyote asikirushe. Grinda na msumeno wa umeme visionekane hapo kabisa, na ufagio mkavu vilevile. Chini, futeni kwa kitambaa kibichi.

Sasa jambo ambalo mimi nililipuuza, na sitaki ulipuuze: ujue taka zinalala wapi kabla hujagusa bolti ya kwanza.

Ilikuwa shule moja ya msingi kaunti ya Kilifi, likizo ya Agosti, madarasa manne. Tulifanya kazi safi. Maji, barakoa, kila kipande kimeshushwa kama yai. Siku ya tatu madarasa yalikuwa wazi na mabati mapya yanapanda. Vipande vya asbesto tulivipanga nyuma ya vyoo, tukafunika na turubai moja, maana mwenye kandarasi alikuwa hajalipa lori lenye leseni. Aliniambia, "Bosi, wiki hii tu." Nikakubali. Wiki ikawa mbili, mlinzi akaondolewa kwa sababu hakuna wa kumlipa.

Niliporudi, rundo lilikuwa limepungua nusu. Nikafuata njia ya mguu inayotoka nyuma ya shule, na sikwenda mbali. Nyumba ya kwanza, banda la kuku limeezekwa vipande sita. Nyumba ya pili, ukuta wa bafu. Kwa bibi mmoja wamevitwanga kwa nyundo wakajazia shimo mlangoni ili maji ya mvua yasituame. Pale uani, wasichana wawili walikuwa wamechora mraba wa kuruka, mistari myeupe imenyooka vizuri. Chaki yao ilikuwa kipande cha asbesto, na unga wake umewajaa vidoleni. Mdogo akajifuta kwenye gauni, akaniamkia, "Shikamoo."

Tulipita nyumba kwa nyumba siku mbili, tukiomba turudishiwe, tukitoa mabati ya kubadilishana kutoka mfukoni mwetu. Vipande vizima vilirudi vingi. Ule unga wa mlangoni kwa bibi tuliulowesha, tukauchimba pamoja na udongo wake, lakini ulikuwa umeshakanyagwa wiki nzima. Madhara yake hayaonekani leo. Kovu la mapafu, saratani ya mapafu, saratani ya utando wa mapafu, huja baada ya miaka kumi, ishirini, hata arobaini. Wasichana wale siku hizi ni watu wazima, na kila nikipita barabara ile nawakumbuka.

Kwa hiyo: lori liwe limelipiwa na lisimame uwanjani siku ile paa linaposhuka. Eneo la kuzika taka liwe limekubaliwa kwa maandishi. Kila kipande kifungwe kikiwa kibichi ndani ya plastiki nzito mara mbili, kigandishwe kwa utepe, kiandikwe hatari kwa Kiswahili na kwa lugha ya kijiji. Hesabu vipande vikishuka, hesabu vikipanda lorini, na ubaki na nakala ya karatasi ya safari ya taka. Mtu akiomba kimoja cha banda, mkatalie, hata kama ni mzee wa mtaa.

Ovaroli haziendi nyumbani. Mke anayekung'uta nguo za mumewe huvuta vumbi lilelile. Fundi akishuka alowanishwe, avue ovaroli akiwa bado na barakoa, aoge, barakoa iwe ya mwisho kutoka. Ovaroli za kutupa ziingie kwenye mfuko wa taka. Hakuna kula wala kuvuta sigara eneo la kazi. Sigara na asbesto vikikutana, hatari ya saratani ya mapafu hupanda maradufu na zaidi.

Andika majina ya wote waliopanda, tarehe na siku walizofanya kazi, wapimwe kifua, na ulitunze daftari hilo. Uingereza hutunza rekodi za afya za wafanyakazi hawa miaka 40. Daftari lako lisiishie kwenye gunia la stoo.

Ukimaliza paa, angalia mifereji ya maji na tope lililotuama chini ya tangi. Usilikwangue likiwa kavu. Angalia dari. Angalia mabomba ya zamani ya mvuke yaliyofungwa kitu laini kama pamba chafu. Hicho kikiguswa tu hupeperuka, ni kibaya kuliko paa. Ukikikuta, simamisha kazi, toa watu wote, funga mlango na uite kampuni yenye leseni ya kazi hiyo.