Kutambua kingamwili za makundi madogo ya damu: kazi ya benki ya damu hatua kwa hatua

Mgonjwa wa selimundu aliyekwisha kuongezewa damu mara kadhaa analetwa akiwa na hemoglobini ya 4.8 g/dL. Kundi lake ni O chanya, chupa za O chanya zimo kwenye jokofu, na krosimachi (kuchanganya plazma ya mgonjwa na seli za chupa kuona kama zinakubaliana) ya saline kwenye joto la chumba inatoka safi. Katika maabara nyingi za kwetu kazi huishia hapo na damu hupelekwa wodini. Mimi naomba uendelee, kwa sababu krosimachi hiyo haina uwezo wa kuona kingamwili nyingi za Kidd, Duffy, Kell au S (makundi ya damu nje ya ABO na Rh), na hizo ndizo zinazopasua seli za damu iliyoongezwa.

ABO na Rh ni mifumo miwili kati ya zaidi ya 40 inayotambuliwa leo. Ninayoeleza hapa ni yale utakayokutana nayo kwenye benki ya damu ya hospitali, na namna ya kuyafikia bila kubahatisha. Taratibu zilizoandikwa za maabara yako na maelekezo ya mtengenezaji wa vitendanishi ndiyo kiongozi wako pale yanapotofautiana na haya.

Hatua ya 1: Uliza historia kabla ya kugusa sampuli

Aliongezewa damu lini mara ya mwisho? Amebeba mimba ngapi, zikiwemo zilizoharibika? Amewahi kutibiwa hospitali nyingine? Aliwahi kupata manjano au mkojo mweusi siku chache baada ya kuongezewa damu? Kama ni mtoto, mwombe mama daftari la kliniki ulisome mwenyewe.

Naliweka hili mbele ya vipimo vyote kwa sababu ya mfumo wa Kidd. Kingamwili dhidi ya Jka (antijeni, yaani alama, ya mfumo huo kwenye seli nyekundu) hujitokeza baada ya damu au mimba, kisha hushuka haraka. Baada ya miezi michache uchunguzi unaweza kutoka hasi kabisa. Mgonjwa akipewa tena seli zenye Jka, mwili hukumbuka, kingamwili hupanda ghafla, na kati ya siku ya 3 na ya 14 seli zilizoongezwa huanza kupasuka. Hemoglobini inaporomoka, macho yanakuwa manjano, mgongo unauma. Kwa mgonjwa wa selimundu dalili hizo hufanana mno na maumivu yake ya kawaida, hivyo anaweza kuongezewa damu nyingine juu ya tatizo lile lile. Hakuna mashine itakayokuonyesha kingamwili iliyoshuka chini ya kiwango cha kuonekana. Historia inaweza.

Hatua ya 2: Uchunguzi wa awali

Chukua plazma ya mgonjwa na seli za uchunguzi (za kununua, ambazo antijeni zake zinajulikana), mbili au tatu, zote za kundi O. Kwa njia ya tyubu ("zungusha" ni kwa sentrifuji, "soma" ni kutazama kama seli zimeshikamana):

1. Weka matone 2 ya plazma na tone 1 la seli zilizochanganywa kwa asilimia 3 hivi. Zungusha, soma.
2. Ongeza matone 2 ya LISS (maji yenye chumvi kidogo yanayoharakisha kingamwili kushika seli), acha kwenye nyuzi 37 kwa dakika 15. Zungusha, soma. Tazama pia kama maji ya juu yamekuwa mekundu, kwa maana kupasuka kwa seli ni jibu chanya.
3. Osha kwa saline mara 3 au 4, ukimwaga yote kila mara.
4. Ongeza kitendanishi cha Coombs (hushikamanisha seli zilizofunikwa na kingamwili), zungusha, soma mara moja.
5. Kila tyubu iliyo hasi iongeze seli za udhibiti zilizofunikwa na IgG (aina ya kingamwili). Zisiposhikamana, jibu lako hasi ni batili. Rudia.

Usiruke namba 5. Plazma kidogo iliyobaki kwa kuosha vibaya hutosha kuua kitendanishi cha Coombs, na tyubu inakuonyesha hasi ya uongo. Kwenye kadi za jeli hatua ya kuosha haipo, na hilo ni faida kubwa kwa maabara yenye watu wachache.

Pima pia seli za mgonjwa kwa plazma yake mwenyewe. Zikishikamana, fanya Coombs ya moja kwa moja (hutafuta kingamwili zilizokwisha kushika seli za mgonjwa) kabla ya kuendelea: huenda ana kingamwili dhidi ya seli zake, au seli alizopewa juzi tayari zimeshambuliwa.

Hatua ya 3: Soma paneli kwa kufuta, bila haraka

Tuseme uchunguzi umekuwa chanya kwenye Coombs peke yake na kipimo cha seli zake kwa plazma yake ni hasi. Huu hapa mfano wa paneli (seti ya seli ambazo antijeni zake zinajulikana), niliyoifupisha ili ubaki na safu zinazohitajika; + ni antijeni ipo, 0 haipo, na safu ya mwisho ni jibu la plazma ya mgonjwa:

| Seli | K | Fya | Fyb | Jka | Jkb | S | s | Coombs |
|---|---|---|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 0 | + | 0 | + | 0 | + | 0 | 2+ |
| 2 | + | 0 | + | 0 | + | 0 | + | 0 |
| 3 | 0 | + | + | + | + | + | + | hafifu |
| 4 | 0 | + | 0 | 0 | + | 0 | + | 0 |
| 5 | 0 | 0 | + | + | + | 0 | + | 0 |
| 6 | 0 | 0 | 0 | + | 0 | 0 | + | 2+ |
| 7 | 0 | 0 | + | 0 | + | + | 0 | 0 |
| 8 | + | + | + | + | 0 | 0 | + | 2+ |

Anza na seli zilizotoka hasi. Kila antijeni iliyomo kwenye seli hasi unaifuta kwenye orodha ya watuhumiwa, kwa sharti moja: seli hiyo iwe na dozi mbili za antijeni hiyo, yaani mwenzake asiwepo (jozi ni Fya na Fyb, Jka na Jkb, S na s). Seli ya 2 inafuta Fyb, Jkb na s. Seli ya 4 inafuta Fya. Seli ya 7 inafuta S. Kwa K, seli za dozi mbili ni adimu, hivyo maabara nyingi hukubali kuifuta kwa seli ya dozi moja kama ya 2.

Sasa tazama seli ya 5. Ina Jka na imetoka hasi. Mwenye haraka ataifuta Jka hapo hapo na kubaki bila jibu, au atasema ni kingamwili isiyo na maana. Lakini seli hiyo ina Jka na Jkb pamoja, kwa hiyo Jka yake ni dozi moja. Zipange upya: dozi mbili ni seli ya 1, 6 na 8, zote 2+. Dozi moja ni ya 3, hafifu, na ya 5, hasi. Zisizo na Jka kabisa ni 2, 4 na 7, zote hasi. Una seli tatu chanya na tatu hasi zinazokubaliana, kiwango kinachotumiwa sana kuthibitisha. Ni anti-Jka, yaani kingamwili dhidi ya Jka.

Ukiwa na papaini au fisini, rudia kwa seli zilizotibiwa. Vimeng'enya hivi huikuza Kidd, hivyo seli ya 5 inatarajiwa kujitokeza. Vingeondoa Fya, Fyb, M, N na S, na K vingeiacha ilivyo.

Hatua ya 4: Pima uzito wa ulichokipata

*Kidd.* Umeshaona. Huwasha pia komplementi (protini za damu zinazotoboa seli), kwa hiyo seli zinaweza kupasuka ndani ya mishipa. Daima tafuta damu isiyo na antijeni husika.

*Kell.* Coombs, Mourant na Race walichapisha kipimo cha Coombs mwaka 1945, na mwaka uliofuata kikaibua K. Anti-K ni hatari kwenye kuongeza damu, na kwa mjamzito ina tabia ya pekee: hukandamiza seli changa zinazotengeneza damu ya mtoto aliye tumboni, hivyo mtoto hupungukiwa damu sana huku bilirubini ikiwa haijapanda kwa kadiri hiyo. Usimtulize daktari kwa sababu kipimo cha nguvu ya kingamwili ni kidogo. K ipo kwa takriban asilimia 9 ya Wazungu na asilimia 2 hivi ya watu wenye asili ya Afrika, kwa hiyo chupa isiyo na K kwetu si shida kuipata.

*Duffy.* Seli ya 6 kwenye paneli, isiyo na Fya wala Fyb, ndiyo hali ya Waafrika wengi kusini mwa Sahara. Badiliko moja kwenye swichi ya jeni huzima Fyb kwenye seli nyekundu tu, na hilo ndilo linalomzuia kwa sehemu kubwa vimelea wa malaria aina ya vivax kuingia. Kwenye tishu nyingine Fyb inaendelea kutengenezwa, hivyo watu hawa kwa kawaida hawatengenezi anti-Fyb. Anti-Fya wanaweza kuipata, na ni ya kuheshimiwa.

*MNS.* Anti-S na anti-s huonekana kwenye Coombs na zina madhara. Anti-M mara nyingi ni ya baridi, yaani hufanya kazi kwenye joto la chini. Ikifanya kazi kwenye nyuzi 37, ichukulie kwa uzito. Anti-U ndiyo inayotisha: watu wasio na U ni wachache na karibu wote wana asili ya Afrika, kwa hiyo damu ya kumfaa mgonjwa huyo huenda iko kwa ndugu zake wa tumbo moja. Mfumo huu unabeba pia Dantu, iliyochunguzwa sana Kilifi, ambayo humpunguzia mtoto hatari ya malaria kali.

*Lewis, P1 na I.* Aghalabu ni za baridi na hazina madhara. Zikinyamaza kwenye nyuzi 37 na Coombs, toa damu inayokubali krosimachi kamili. Wajawazito hupungukiwa antijeni za Lewis kwenye seli zao, basi usishangae.

Jambo moja linaniuma. Seli nyingi za uchunguzi tunazonunua zimetoka kwa wachangiaji wa Ulaya na Marekani. Jsa ya mfumo wa Kell, pamoja na V na VS za Rh, ni za kawaida kwa watu wetu lakini mara nyingi hazimo kwenye seli hizo. Uchunguzi ukiwa hasi na chupa moja tu ikagoma kwenye krosimachi ya Coombs, wafikirie hao kabla ya kuitupia lawama tyubu.

Hatua ya 5: Thibitisha kwa seli za mgonjwa

Mwenye anti-Jka aliyoitengeneza kwa sababu ya damu ya mtu mwingine anatakiwa asiwe na Jka. Kama ameongezewa damu ndani ya miezi 3, kipimo kitachanganya seli zake na za wachangiaji. Kwa mgonjwa wa SS (selimundu) kuna njia nafuu: osha seli kwa chumvi ya asilimia 0.3. Seli za wachangiaji zitapasuka, zake za SS zitavumilia. Endelea mpaka maji ya juu yawe meupe, malizia kwa saline ya asilimia 0.9, kisha pima.

Hatua ya 6: Kokotoa idadi ya chupa za kupima

Miongoni mwa Wamarekani weusi, takriban asilimia 8 hawana Jka. Ukitumia makadirio hayo, chupa 2 unagawa kwa 0.08: utapima chupa 25 hivi. Mweleze daktari namba hiyo mapema ili apange matibabu, na uwaite Damu Salama (huduma ya taifa ya damu) wa kanda wakusaidie kutafuta. Pima chupa kwa anti-Jka ya kununua, kisha fanya krosimachi ya Coombs kwa zilizo hasi. Kutumia plazma ya mgonjwa peke yake kuchuja ni hatari: chupa yenye dozi moja ya Jka itapita kama seli ya 5 ilivyopita, na watu wa dozi moja ni karibu asilimia 40.

Mgonjwa akiwa anakata roho, hesabu hii isimzuie daktari kumpa damu. Zungumzeni, apewe polepole, afuatiliwe.

Hatua ya 7: Andika pale patakaposomwa

Rejesta ya maabara haitoshi, kwa kuwa safari ijayo anaweza kulazwa mkoa mwingine. Mpe kadi yenye kundi lake la ABO na Rh, jina la kingamwili, tarehe ilipoonekana, njia iliyotumika, na sentensi hii: "Apewe damu isiyo na Jka hata kama uchunguzi ni hasi." Iandike pia kwenye daftari la kliniki, na mweleze yeye au mzazi wake aionyeshe kabla ya damu yoyote. Kisha omba sampuli nyingine kati ya siku ya 7 na ya 10: hemoglobini, bilirubini, na Coombs ya moja kwa moja.