Jinsi ya kufuatilia jina la ukoo la Kizungu, mfano Speke wa ghuba yetu

Wakuu, ukitoka Mwanza kwenda Lamadi yale maji mkono wa kushoto ukishapita Magu ni Ghuba ya Speke, na juzi kwenye basi mpwa wangu kaniuliza "anko, Speke maana yake nini", nikabaki natoa macho. Ingekuwa Mabula ningejibu, huyo kazaliwa kipindi cha mvua, ila huyu Mzungu aliyefika hapa 1858 akalibatiza ziwa letu jina la malkia wake? Nikakaa na bando langu wiki nzima. Na nimegundua jina likiwa adimu kazi inakuwa nyepesi, ukianza na Smith utazama kama jiwe pale mwaloni.

Cha kwanza, usitafute kwa herufi za namna moja. Zamani karani aliandika alichosikia, kwa hiyo jaribu Speke, Speake, Speak, na huko nyuma kabisa Espec au Espek. Wenyewe hutamka Spiik, sisi ndo tunasoma kama lilivyoandikwa.

Halafu jiulize jina ni la aina gani. Ya Kiingereza mengi yametokana na kazi (Smith ni mhunzi), jina la baba (Johnson ni mwana wa John), mahali, au utani. Speke wataalamu wanaliweka kwenye utani, linatoka kwenye neno la Kifaransa cha zamani, espeche, yaani kigogota, yule ndege anayetoboa miti. Kumbe utani wa pua ndefu na mdomo usiotulia ulikuwepo hata kwao.

Hapa sasa ndo wengi wanapotea. Ukiguguli utakuta Liverpool kuna eneo linaitwa Speke na jumba la kale Speke Hall, utaruka juu ukidhani umemaliza, kumbe jina la pale ni neno lingine la Kiingereza cha kale la mambo ya vichaka na vijiti. Alafu Devon kuna kijiji Brampford Speke, hiki ndo kinyume chake, ukoo ulikimiliki ndo kikabeba jina lao. Kwa hiyo kila ukiona mahali uliza kipi kilitangulia, watu au kijiji.

Ukishapata mkoa nenda kwenye kumbukumbu. Uingereza na Wales serikali ilianza kuandikisha vizazi na vifo Julai 1837, kabla ya hapo ni vitabu vya kanisa vilivyoamriwa 1538. Speke wetu kazaliwa Devon 1827 kwa hiyo huyo ni wa vitabu vya kanisa, kafa 1864 kazikwa Dowlish Wake, Somerset, basi unajua upekue mikoa hiyo miwili kwanza. FreeBMD, tovuti ya orodha za vizazi, ndoa na vifo, ni bure, na sensa ya 1881 unaipata bure kwenye tovuti ya FamilySearch, unafungua akaunti tu.

Kujua jina ni adimu kiasi gani hesabu waliomo kwenye hiyo sensa, Uingereza na Wales walikuwa kama milioni 26, tuseme umepata watu 130, hao ni watano kwa kila milioni. Jumlisha na tahajia zile nyingine uone tofauti. Sensa hufungwa miaka 100, ya 1921 imefunguliwa 2022, linganisha hizo mbili utaona jina linakua au linakufa.

Ila wanaouza "nembo ya ukoo wako" achana nao kabisa, mi nusura nilipie. Kule nembo hupewa mtu na uzao wake, sio kila mwenye jina.

Na usihesabu watu tu bana. Kule Ruwenzori kuna mlima Speke, nzohe (yule swala wa kwenye matete) wa Rubondo kisayansi ni Tragelaphus spekii, na kuna kwera pia amepewa jina lake, yaani mtu wa jina la ndege kamgawia ndege mwingine. Mpwa nilivyomwambia ni kigogota kasema basi kuanzia leo ni Ghuba ya Kigogota, na hataki kusikia lingine.