Jinsi ya kuchambua picha za video ya ngoma, anzia kwa macho ya msanii

Ukimuuliza mtu video mpya ya ngoma, yaani ya wimbo, iko aje atakwambia ni kali ama ni ya kawaida tu, na hapo maneno yameisha. Hakuna ubaya, hata mimi huanza hivyo, lakini kama unataka kujua ni nini imeifanya iwe kali lazima uangalie venye imeshutiwa, na hiyo kazi haitaki shule ya filamu, inataka laptop ama simu, daftari, na roho ya kurudia kipande kimoja mara kumi bila kuchoka.

Kwanza weka video kwa ubora wa 1080p. Najua bundles ni pesa, lakini ukiangalia kwa 240p zile sehemu za giza zinakuwa viboksiboksi na utamlaumu mshika kamera kwa makosa ya network. Zima ile filta ya usiku ya simu inayofanya skrini iwe ya njano, ongeza mwangaza, na kama uko na laptop tumia laptop, juu kwa YouTube ukishapause unabonyeza nukta inasonga fremu moja, yaani picha moja tu, mbele, ukibonyeza koma inarudi fremu moja nyuma. Na utafute video yenyewe nzima, usichambue ile kipande imekatwa wima ya kuwekwa TikTok, hapo pembeni kumepotea nusu ya kazi ya watu.

Iangalie mara moja na sauti, bila kupause, alafu andika sentensi moja ya venye imekufanya uhisi. Moja tu. Utaihitaji mwishoni. Sasa zima sauti, na usiiwashe mpaka nikwambie, kwa sababu biti tamu hufunika picha mbovu na wewe unabaki ukisifu dairekta kwa kazi ya prodyusa.

Haya, tafuta mahali sura ya msanii iko karibu kabisa, pause, angalia ndani ya mboni za macho. Taa inayommulika iko pale ndani, imejichora. Ukiona duara lenye shimo katikati hiyo ni ring light, ukiona mraba ni softbox (taa iliyofunikwa kwa boksi la kitambaa) ama paneli ya taa, ukiona kitu kama mlango mrefu pengine ni dirisha, ukiona mistari myembamba ni zile tyubu za LED. Na kama macho hayana kitu, ni meusi tu, basi mwanga unatoka juu ama nyuma yake, na hapo ujiulize kama walitaka hivyo ama jua liliwashinda.

Na jua la Nairobi huwashinda watu wengi. Sisi tuko karibu na ikweta, saa sita mchana jua linakaa karibu juu ya kichwa, kwa hivyo kivuli cha nyusi kinaanguka kwa macho na sura inakaa kama iko na mashimo mawili. Ndio maana wenye wanajua kazi hupiga picha za sura asubuhi mapema, ama wanangojea kutoka kama saa kumi na moja jioni, ile dhahabu inaingia kwa mabati na kwa ngozi, na wanakimbia juu jua letu linazama haraka, saa kumi na mbili na nusu hivi kwisha. Angalia vivuli chini: vifupi vimejificha kwa miguu ni mchana, virefu ni asubuhi ama jioni. Ukiona ndani ya vesi moja kivuli kimeruka kutoka kushoto hadi kulia na kamera haijageuka upande, pengine hiyo vesi ilichukua siku nzima.

Nikuonyeshe kitu. Nilikuwa na binamu yangu anayejifunza kamera, tumekaa kwa balcony Umoja na laptop, tunaangalia video ya msichana ameketi kwa kiti peke yake usiku, kwa nganya (matatu iliyopambwa) yenye abiria wengine, zile taa za zambarau zimejaa ndani mpaka kwa dari. Mimi nikasema hii amemulikwa na taa za mat tu, ni rahisi. Binamu akapause, akaongeza ukubwa, akasema, "Na hii nyeupe kwa jicho imetoka wapi?" Nikaangalia. Kwa jicho la kulia kulikuwa na kamstari ka zambarau kembamba sana, lakini kwa yote mawili, chini kidogo upande wa kushoto, kulikuwa na kamraba keupe. Kumbe kuna mtu ameficha kapaneli kadogo pale mbele karibu na dereva, na hako ndiko kanafanya shavu lake lionekane, zambarau ni mapambo tu. Tukarudi mwanzo tukatazama yote tena na ikawa video tofauti kabisa, kila shoti sasa unaona shavu moja liko na uhai na lingine limeachiwa giza kwa makusudi.

Kutoka hapo nenda kwa ngozi, na hapa naomba uwe mkali kwa sababu ni sisi tunaoonekana vibaya. Ngozi nyeusi haitaki tu kumwagiwa mwanga mwingi. Inapendeza ikipata taa kubwa laini kutoka kando, inang'aa kwa paji, kwa mfupa wa shavu, kwa bega, na ndio maana kwa seti utaona mtu wa mekapu anapaka mafuta kabla ya kila shoti. Sasa linganisha: ngozi ya msanii bado ni kahawia yenye joto, ama imekuwa kijivu kama imepakwa majivu? Ikiwa ya majivu, mara nyingi sura ilishutiwa ikiwa giza sana alafu mtu wa kuediti akauvuta mwangaza wake juu kwa nguvu. Wakiwa watu wawili wenye rangi tofauti kwa fremu moja angalia ni nani amepewa taa na ni nani ameachwa apotee kwa ukuta. Hiyo iandike, usiione ndogo.

Leni utaijua kwa sura na kwa nyuma. Sura ikija karibu na pua ikakuwa kubwa, mikono inarefuka ikielekezwa kwa kamera, hiyo ni leni pana, kama 18mm, na inampa msanii ubabe. Sura ikiwa tulivu na jengo refu la KICC pale nyuma imekuja kubwa kama imemsimamia mgongoni, hiyo ni leni ndefu imeshutiwa kutoka mbali. Angalia pia kamera iko kwa urefu gani, iko kwa magoti inamtazama juu ama iko kwa macho yake mnaongea sawa. Droni usiipe alama za bure, kila mtu sai ana shoti ya ile barabara ya Expressway kutoka juu, uliza tu hiyo shoti imeniambia nini kuhusu ngoma.

Sasa washa sauti. Hesabu biti, yaani mapigo ya ngoma, kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Tuseme umepata 100 kwa dakika, basi kila biti ni sekunde 0.6, na kama video ni ya fremu 25 kwa sekunde hiyo ni fremu 15. Chora mstari kwa daftari kila picha inapokatwa, vesi kando, korasi kando, alafu uone kama wanakata juu ya biti ama fremu chache kabla, na ni wapi wanakataa kukata kabisa. Mahali wameacha shoti moja sekunde kumi na biti inagonga, hapo ndipo kuna wazo, kaa hapo sana.

Kuna mchezo mwingine watu hawaujui. Umeona msanii anaimba na mdomo uko sawa kabisa na ngoma, lakini nguo, nywele na vumbi vinaelea polepole? Huo ni ujanja wa seti: ngoma inachezwa mara mbili ya kasi yake, msanii anaimba mbio mbio, kamera inashuti fremu 50 kwa sekunde, alafu video inatolewa kwa 25, mdomo unarudi kwa wimbo na dunia yote inakuwa nzito.  Na ukiona mistari ya giza inapanda kwa ukuta wa kinyozi hiyo si mtindo, ni shutter (kasi ya kamera kufungua na kufunga) imekosana na umeme wetu wa 50Hz, unaobadilika mara 50 kwa sekunde.

Rangi nitaipita haraka: taja rangi mbili tu zinazorudi, na useme zinatoka kwa kitu gani, kwa mabati, kwa nguo, kwa neon, ama zimeongezwa kwa kompyuta. Ukiona vivuli vyote ni vya kijani-bluu na hata ukuta mweupe umegeuka, mara nyingi hiyo ni ya kompyuta.

Ukiandika, usiandike "mwanga ni mzuri". Andika dakika 1:12, mwanga unatoka kushoto chini, shavu la kulia liko giza, kamera haisongi, na inanifanya niwaze hivi. Alafu rudi kwa ile sentensi ya kwanza uliyoandika, utafute ni shoti gani ilikufanya uiandike. Mimi kwa ile ya nganya niliandika "anakaa mpweke hata kama gari imejaa", na ilinichukua siku mbili kuona ni kwa nini: hakuna shoti hata moja ambayo sura ya abiria mwingine iko kwa fokasi.