Jinsi ya Kumpima Mpitishaji wa API za Akili Mnemba Kabla ya Kumkabidhi Kazi Yako

API ni njia ambayo programu moja huitumia kuomba huduma kwa programu nyingine, na mpitishaji wa API ni huduma inayosimama kati ya programu yako na kampuni yenye modeli ya akili mnemba. Unatuma ombi kwenye seva yake, naye analipeleka kwa OpenAI, Anthropic, Google au kwenye mashine nyingine yoyote anayoitumia, kisha anakurudishia jibu na kukata salio lako. Kwa msanidi programu wa Dar es Salaam au Nairobi mvuto wa huduma hii unaeleweka upesi, kwa kuwa akaunti moja na ufunguo mmoja, yaani msimbo wa siri wa kujitambulisha, humfungulia modeli nyingi, na bili huwa moja badala ya tano. Huko China biashara hii ilishamiri kwa sababu nyingine: OpenAI haitoi huduma rasmi China bara, na Julai 2024 ilianza kuzuia maombi yanayotoka huko, hivyo wasanidi wengi wakabaki kuwategemea watu wa kati. Wapo wapitishaji wanaojulikana na wanaoonyesha ombi lako limehudumiwa na nani, kama OpenRouter. Wapo pia wengine ambao ni seva moja ya kukodi, yenye programu huria kama One API, na mwenyewe asiyejitaja jina.

Anza na bei, na umtake muuzaji aieleze. Chukua mfano wa GPT-4o, ambayo OpenAI iliiuza kwa dola 2.50 kwa kila tokeni milioni moja zinazoingia (tokeni ni kipande cha neno ambacho modeli husoma na kuandika) na dola 10 kwa tokeni milioni moja za majibu. Mtu akikuuzia modeli hiyo hiyo kwa sehemu ya kumi ya bei hiyo, nafuu hiyo imetoka mahali fulani, na mahali penyewe ni pachache: huenda anauza salio la bure walilopewa wanaoanzisha biashara, anagawa akaunti ya mtu mmoja kwa watu mia, anatumia funguo zilizoibwa, au anakupa modeli nyingine yenye jina lile lile. Njia tatu za kwanza huishia kwa akaunti kufungwa bila taarifa. Ya nne hudumu zaidi kwa sababu mteja haioni. Modeli zenye uzito huria, yaani zile ambazo mafaili yake yametolewa kwa umma, kama Llama, Qwen na DeepSeek, ni habari tofauti, kwani mtu yeyote mwenye mashine anaweza kuziendesha na kushindana kwa bei kihalali. Hata hivyo, hapo uliza kama modeli inaendeshwa kwa usahihi wake wa asili au imebanwa hadi biti 8 au 4, yaani namba zake zimefupishwa ili itumie kumbukumbu ndogo, maana kubanwa sana huonekana kwenye hesabu na kwenye lugha zisizo na data nyingi, Kiswahili kikiwamo.

Kuhakiki kama modeli ni yenyewe ndipo pagumu, na ndipo wengi hukosea kwa kuiuliza modeli jina lake. Jibu la swali hilo halithibitishi chochote, kwa sababu modeli halisi huweza kujitaja vibaya, na ya bandia huweza kufundishwa jina kwa sentensi moja ya maelekezo yaliyofichwa. Njia ninayoiamini ni kuandaa maswali thelathini yanayofanana na kazi yako halisi, uyatume kwanza kwa kampuni yenye modeli kwa kulipia dola chache, uyahifadhi majibu, kisha utume maswali hayo hayo kwa mpitishaji, joto la modeli, yaani kipimo cha kubahatisha kwake katika kuchagua maneno, likiwa sifuri pande zote mbili. Modeli ikiwa ile ile, majibu hayatalingana neno kwa neno, lakini urefu wake, mpangilio wake na hasa makosa yake yatafanana. Maswali matano au sita yawe magumu kiasi kwamba modeli kubwa huyaweza na ndogo hushindwa. Hayo ndiyo yatakayokueleza mengi, kwa sababu swali jepesi hujibiwa vizuri na modeli yoyote.

Yapo majaribio mengine mawili ya haraka ninayoyapenda. La kwanza ni kuita modeli isiyokuwepo, kwa mfano jina lililoongezewa herufi tatu mwishoni. Mpitishaji mwaminifu hurudisha kosa. Anayekujibu kama kawaida amekubali wazi kwamba jina uliloliomba si lazima liwe lile lililokuhudumia. La pili ni kutuma neno moja tu, «Habari», na kuangalia sehemu ya jibu inayotaja idadi ya tokeni zilizoingia. Kwa modeli za OpenAI idadi hiyo hubaki chini ya ishirini. Ukikuta mia nne, kuna maelekezo ambayo hukuyaandika, nawe ndiye unayeyalipia kila ombi linapokwenda.

Hilo linatufikisha kwenye hesabu ya tokeni, ambayo ni mizani ya duka hili. Kwa modeli za OpenAI unaweza kuhesabu mwenyewe kwa maktaba huria ya tiktoken, ukakubali tofauti ndogo inayotokana na alama za kutenganisha ujumbe. Jambo hili linatuhusu zaidi sisi tunaofanya kazi kwa Kiswahili, kwa sababu neno kama «hatukuwaelewesha» hukatwa vipande kadhaa, na matini yetu kwa kawaida hula tokeni nyingi kuliko Kiingereza chenye maana ile ile; mizani ikizidishwa kidogo, sisi ndio tunaoumia kwanza. Angalia pia punguzo la kache, yaani hifadhi ya muda ya maandishi ambayo modeli imekwisha kuyasoma. Anthropic, kwa mfano, hutoza sehemu ya kumi ya bei ya kawaida kwa maandishi yanayosomwa kutoka kwenye kache, lakini kache hiyo haivuki mipaka ya akaunti. Mpitishaji anayezungusha maombi yako kwenye akaunti nyingi atakupotezea punguzo hilo hata kama hana nia mbaya, na bei yake iliyoonekana rahisi itageuka kuwa ghali.

Pima kisha urefu wa muktadha, yaani kiasi cha maandishi ambacho modeli huweza kukisoma kwa mara moja. Andaa waraka mrefu unaokaribia kikomo kilichotangazwa, ufiche namba ya kubuni katika ukurasa wa kwanza, kisha uiulize mwishoni. Namba isipopatikana mara tatu mfululizo, na kwa kampuni yenye modeli inapatikana, matini yako inakatwa njiani. Jaribu pia majibu yanayotiririka (yanayofika kidogo kidogo yakiandikwa), uitaji wa zana (modeli kuomba programu yako iifanyie kazi fulani) na picha ikiwa unavitumia. Hapa kasoro hujitokeza zenyewe.

Kuhusu kasi, usipime mara moja. Tuma maombi machache kila saa kwa wiki nzima, urekodi muda hadi tokeni ya kwanza ifike na misimbo ya makosa iliyorudi, na uangalie kama maombi yaliyoshindikana yamekatwa salio. Weka kando yake kipimo cha mtandao wako wenyewe, kwa sababu Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania na Kenya zilikaa na intaneti ya kusuasua, na mtu aliyekuwa akipima huduma siku hizo angemlaumu asiyehusika.

Faragha ninaipa uzito kuliko kasi. Usimbaji wa mawasiliano huishia kwenye seva ya mpitishaji, kwa hiyo yeye huona kila neno kabla halijafika kwa kampuni yenye modeli, na ahadi yake ya kutohifadhi chochote huwezi kuihakiki ukiwa nje. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote mbili zinagusa usafirishaji wa taarifa za watu kwenda nje ya nchi. Ikiwa programu yako inashughulikia taarifa za wagonjwa au wakopaji, na mpitishaji hataji jina la kampuni yake wala nchi ilipo, mimi singeendelea na majaribio mengine.

Ukiridhika, weka salio dogo ambalo likipotea halitakuumiza, tumia ufunguo tofauti kwa kila mradi na uwekee kila ufunguo kikomo cha matumizi. Anwani ya seva na jina la modeli viweke kwenye mipangilio, visiandikwe ndani ya msimbo, ili kurudi kwa kampuni yenye modeli kuwe kazi ya dakika mbili. Yale maswali thelathini usiyafute. Yapange yatumwe yenyewe kila Jumatatu na majibu yalinganishwe na yale ya mwanzo, kwa sababu huduma iliyokupa modeli halisi mwezi wa kwanza inaweza kuibadilisha mwezi wa tatu, na jina kwenye jibu likabaki lile lile.