SOMO: Kuchora silikanti bila kuharibu mapezi

Wadau, picha ileile ya silikanti, samaki wa kale wa kina kirefu, inaletwa kila mara na swali lilelile: "nimekosea wapi?" Majibu ni haya, tusirudie tena.

1. Karatasi A3, penseli HB, mstari wa katikati sentimita 30.

2. Mwili mnene. Shina la mkia ni pana, halibanwi kama la jodari.

3. Jicho kubwa, mdomo mpana. Chini ya taya weka mabamba mawili ya mfupa.

4. Mapezi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Yako manane: mawili mgongoni, mawili ubavuni, mawili tumboni, moja nyuma ya njia ya haja, na la mkia. La kwanza la mgongoni linaota moja kwa moja mwilini na kufunguka kama feni. La pili la mgongoni, la nyuma ya haja, na yale manne ya ubavuni na tumboni yana shina la nyama lenye magamba. Miba yake inaanzia kwenye shina hilo. Chora shina kwanza. Ukianza na miba utapata changu mnene. Mkia una sehemu tatu: juu, chini, na kishungi kidogo kinachochomoza katikati. Bila kishungi, futa uanze upya.

Onyo: msinakili silikanti aliyevuliwa Anjouan, kisiwa cha Komoro, mwaka 1952. Hakuwa na pezi la kwanza la mgongoni. J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki wa Afrika Kusini, alidhani ni jenasi mpya (kundi jingine la spishi), akaiita Malania. Kumbe alikuwa na kilema tu.

5. Rangi ya maji: buluu nzito yenye kijivu, tabaka mbili nyepesi. La kwanza likauke kabisa. Madoa meupe yaje mwisho, kwa rangi nzito, makubwa kwa madogo, hadi kwenye mashina ya mapezi.

MASWALI

— Mkuu, mapezi ni mangapi?
Hatua ya 4.

— Mbona mtandaoni wote ni kahawia? Wewe ndiye umekosea.
Hao ni wa makumbusho, rangi imeshapotea. Anayekuwa kahawia akiwa hai ni yule wa Indonesia, spishi nyingine. Soma kwanza, bishana baadaye.

— Nimchore akitembea sakafuni kwa mapezi?
Hapana. Mtafiti Mjerumani Hans Fricke na wenzake waliwapiga picha Komoro mwaka 1987 wakiwa ndani ya nyambizi ndogo, hawatembei, wanaelea. Pezi la ubavu wa kushoto huenda pamoja na la tumbo la kulia, kisha zamu inabadilika. Kwa hiyo usiyachore yakiwa sambamba. Kuna wakati anasimama kichwa chini, mkia juu; mkao huo unapendeza sana kwenye karatasi ya wima.

— Wa Tanga ana tofauti gani? Na madoa nayapangaje?
Swali zuri. Wa Tanga ni spishi ya Latimeria chalumnae vilevile, kama yule wa Afrika Kusini wa 1938, silikanti hai wa kwanza kujulikana na wanasayansi. Madoa ya kila samaki ni yake peke yake, watafiti huwatambua kwa hayo. Ukinakili picha ya samaki fulani, hesabu doa kwa doa kuanzia kwenye kifuniko cha matamvua. Nyuma yake weka mwamba mweusi wenye pango, si matumbawe ya rangi. Mchana hukaa kwenye giza la kina kirefu.

— Rangi nyeupe nzito sina. Ile ya kufutia makosa ya kalamu je?
Itapasuka. Akriliki nyeupe na tone la maji inatosha, ila osha brashi hapohapo.