Omba Oktoba: namna ya kuingiza utalii wa mtaa wako kwenye bajeti ya manispaa

Nina gesti ya vyumba saba hapa Moshi mjini, na nimekaa kwenye kamati ya mtaa wetu vipindi viwili. Kila mwaka nasikia kauli ileile vikaoni: wageni wanaongezeka, mji ujipange. Sasa huko kujipanga kunaanzia wapi, wengi hawajui. Wanasubiri Juni, magari ya watalii yajae barabarani, ndipo wamkimbilie diwani. Diwani hata awe na moyo mwema kiasi gani, Juni hana cha kukupa. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30 na mpya unaanza Julai 1, wakati wageni wameshafika. Ukitaka mji uwe tayari, soma kalenda mbili kwa pamoja: ya wageni na ya bajeti.

Tuanze na ya wageni. Wapanda Mlima Kilimanjaro wanakuja kwa wingi kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Machi, kabla ya masika. Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi kuna Kilimanjaro Marathon pale Chuo Kikuu cha Ushirika, na wikiendi hiyo usitafute kitanda Moshi kama hukuweka nafasi mapema.

Halafu kuna Desemba yetu wenyewe. Wapanga mipango wengi hawaiiti utalii, na mimi nawaomba sana waiite. Sikukuu zikikaribia, Wachagga walioko Dar, Dodoma, Mwanza na kwingineko wanarudi nyumbani. Wanaotoka Dar kwenda Marangu na Rombo wengi wanakunjia Himo, lakini wa Uru, Kibosho na Machame wanapita mjini. Tangu treni ya abiria irudi Desemba 2019, wengine wanashukia stesheni. Wananunua sukari, mchele na vitenge vya kuwapelekea bibi na mashangazi, wanatafuta pa kuegesha gari, wanataka sehemu ya kukaa na watoto wapate mtori. Siku hizi wapo vijana waliozaliwa Dar ambao kwa babu hawana chumba, wanalala gesti na asubuhi wanapanda kijijini. Mgeni huyu anaongea Kiswahili, hana wakala, na hela yake yote anaiacha kwa mama lishe, kwa bodaboda na sokoni. Mpango wa utalii usiomhesabu yeye una tundu kubwa.

Kalenda ya bajeti sasa. Vipaumbele vya mtaa na kata vinatakiwa viwe vimekusanywa kati ya Oktoba na Novemba. Baraza la Madiwani linapitisha bajeti Januari au Februari, inapanda mkoani na TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili hadi Juni. Piga hesabu. Ombi la Oktoba 2026 linaingia bajeti ya 2027/28. Fedha zinaweza kuanza kutoka Julai 2027, halafu kuna zabuni, kumpata mkandarasi, na ujenzi wenyewe. Mambo yakienda vizuri, utafungua mlango Desemba 2027. Ukija na ombi lako Machi, bajeti imeshapita barazani. Umejiongezea mwaka mzima.

Kabla hujaandika, jua pia unamwomba nani. Mlima si wa manispaa. Ada za getini zinakusanywa na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Maporomoko ya Materuni yako Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, chemchemi ya Chemka iko Wilaya ya Hai. Barabara za mitaa tangu 2017 zinasimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini; barabara kuu ni TANROADS, wakala wa barabara wa taifa; maji ni MUWSA, mamlaka ya maji ya Moshi. Nimeona watu wanaorodhesha hayo yote kwenye ombi moja na kulipeleka kwa diwani, halafu wanashangaa halikwenda popote. Manispaa inashika masoko, stendi, usafi na taka, vyoo vya umma, bustani, leseni za biashara, mipango miji na sheria ndogo. Mtu anaweza kudhani hivi ni vidogo mbele ya Kilimanjaro. Mgeni wa mlimani analala mjini usiku wa kabla ya kupanda na usiku wa baada ya kushuka, na akishuka amechoka, ana njaa, ana hela mfukoni na hana haraka. Atakaa siku ya pili au ataondoka? Hilo linaamuliwa na mitaa yetu: kama kuna pa kutembea, pa kukaa kivulini, pa kujisaidia.

Hapo ndipo daftari linapoingia, na hapa naomba usiwe na haraka. Sisi mara ya kwanza tuliandika ombi letu hivi: "Kuboresha miundombinu ya utalii katika mtaa." Tuliona ni sentensi nzito ya kiofisi. Ilikatwa, na ilistahili kukatwa, kwa sababu hakuna mhandisi wala mchumi anayeweza kuipigia bei.

Mwaka uliofuata nilinunua daftari la kaunta nikaliweka mezani mapokezi. Kila mtu asiye mteja aliyeingia kuuliza kitu, niliandika saa na alichouliza. Ukurasa mmoja wa Julai ninao hapa. Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, kijana wa upagazi, mkoba wa mgeni mgongoni na wake mkononi, amesimama mlangoni, haingii.

"Mama, shikamoo. Samahani, naomba choo."

"Marahaba, baba. Pita."

Saa kumi na mbili na nusu, wengine wawili, choo. Saa moja kasorobo, mpishi wa mlimani, choo, na anauliza chai inauzwa wapi. Saa nne, mama na binti zake wawili kutoka Tanga, choo. Saa sita, wazungu watatu, wanauliza njia ya kwenda sokoni kwa miguu. Saa nane, choo. Nililifunga daftari lile mwisho wa mwezi nikiwa najua jambo ambalo vikao vya miaka havikuniambia. Wapagazi wanakusanyika mtaani kwetu tangu alfajiri kusubiri magari ya kwenda geti la Machame, na hawana mahali pa kujisaidia. Nilikuwa nimejiandaa kuombea watalii vibao vya majina ya mitaa. Vibao ni vizuri, lakini daftari lilisema choo.

Kwa hiyo hesabu mwezi mmoja wa msimu, na wiki mbili za mwisho za Desemba. Washirikishe mwenye duka, kinyozi na mlinzi wa benki, kila mmoja na daftari lake, maana mapokezi ya gesti hayaoni kila kitu. Msihesabu watu tu, hesabuni maswali.

Kisha andika ombi kwa maneno yenye vipimo. La kwetu la pili lilisema: choo cha kulipia chenye matundu sita, matatu ya wanawake, mawili ya wanaume na moja la mtu mwenye ulemavu lenye njia ya kiti cha magurudumu, tangi la maji, taa ya nje, kifunguliwe saa kumi na moja alfajiri. Tukataja kiwanja, na tukaambatanisha barua ya afisa ardhi kuthibitisha kwamba ni cha umma. Usiruke hatua hiyo ya kiwanja. Nimeona maombi mazuri yakifia hapo, eneo limependekezwa na wote, kumbe lina mwenyewe. Tukaandika pia nani atakiendesha, kwa sababu swali la kwanza la mchumi wa halmashauri ni hilo: baada ya kukata utepe, karatasi na sabuni vitatoka wapi?

Kwa uendeshaji, kumbuka mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha mama lishe kilichosajiliwa kinaweza kuomba mtaji wa kibanda cha chai na mtori jirani na mradi. Mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata mapema, usajili huo unachukua muda.

Ombi lipitie mkutano wa mtaa, lijadiliwe, na liandikwe kwenye muhtasari. Maneno ya mdomo hayafiki barazani. Kabla mkutano haujafungwa, mwombe afisa mtendaji wa mtaa akusomee alichoandika, kwa heshima tu, na hakikisha vipimo vimo. Baada ya hapo linakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu ni mtendaji wa kata. Mwenyekiti wako wa mtaa ni mjumbe pale, kwa hiyo mpe daftari lenyewe aingie nalo. Mitaa mingine nayo ina shida zake za kweli, madarasa, zahanati, mitaro, na hutashinda kwa kupaza sauti. Wa kwetu alisoma ukurasa mmoja tu, ule wa Julai, na mjumbe wa mtaa jirani akasema hata kwake wanaingia kuomba choo.

Baraza likipitisha, usilale. Julai ikianza, nenda ukasome mbao za matangazo za kata na halmashauri, uliza namba ya mradi, uliza zabuni imetangazwa lini. Baraza linakaa kila robo mwaka na wananchi wanaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Nendeni wawili watatu, mvae vizuri, mkae mbele. Diwani akiwaona, mradi wenu utatajwa.

Na daftari msilifunge. Oktoba nyingine itafika, na safari hii la kwangu limejaa swali moja, hasa kutoka kwa wageni wa Desemba: watoto watacheza wapi?