Kusaka kiini cha atomu kwa gololi

Nafundisha sayansi hapa Lamu, na somo la atomu silianzii ubaoni. Naanzia barazani, kwa sinia.

Simamisha viberiti vinne sakafuni, kimoja kila pembe, uweke sinia juu. Mwenzako afiche katikati kipande kizito cha boriti, wewe usichungulie. Sasa pitisha gololi chini, moja moja, kwa mwendo uleule na upande uleule, ukisogea vidole viwili kila mara. Chora kwenye karatasi njia ya kila gololi: ilipoingia, ilipotokea. Ile iliyorudi ichore kwa rangi nyingine, maana hiyo ndiyo yenye habari. Kisha rudia kutoka upande wa pili.

Wanasayansi nao walisaka hivyo. Mwanafizikia Thomson, baada ya kugundua mwaka 1897 elektroni, yaani chembe ndogo mno za atomu zenye chaji hasi ya umeme, aliiwazia atomu kama mkate wa sinia wenye zabibu kavu: chaji chanya imeenea kote, elektroni zimepachikwa ndani. Mwaka 1909, kule Manchester, Geiger na Marsden, wa maabara ya mwanafizikia Rutherford, wakarusha chembe za alfa, gololi zao ndogo mno zenye chaji chanya, kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Nyingi zilipenya, chache mno zikarudi nyuma. Mkate haurudishi risasi! Mwaka 1911 Rutherford akaeleza: katikati mna kiini, kidogo na kizito. Mwanafizikia Bohr akazipangia elektroni njia zake za kuzunguka kiini mwaka 1913.

Andika umbo unalokisia kabla sinia halijainuliwa. Wanafunzi wangu hulilia kuliinua. Nakataa mpaka wote wameandika. Rutherford hakuwa na sinia la kuinua.